Kwenda Kumwona Susu

Mmeniuliza wote, na wengine mmeniuliza mara mbili: mbona nilitoka Kinoo asubuhi na sketi yangu nyeusi ya kanisani, nikarudi jioni nimevaa kitenge cha rangi ya machungwa kisicho changu, tena nikicheka? Mama Kariuki alidhani tumepata ajali. Mwingine, simtaji, amesema nilileweshwa Ngara. Nimechoka kujibu nusu nusu getini. Nimeona afadhali niandike mara moja, mpitishiane, na atakayemaliza kusoma asinionee huruma. Mkinionea huruma nitakasirika, mnanijua.

Mnajua Wambui wangu alikuwa amepata mchumba, Mutua, kijana wa Kikamba aliyelelewa Ngara, na kwamba ilifika zamu yetu ya kwenda kuona itara. Mama zetu wa Kikuyu walipoenda kuona itara, walikwenda kuangalia kweli kile kichanja cha juu ya meko ambapo kuni hukaushwa, wajue binti yao hatapika akilia moshi. Siku hizi meko ni ya gesi na nyumba ni ya orofa, lakini jina limebaki na kazi imebaki: unaenda kwa wakwe, unaketi, unakunywa chai yao. Chai hiyo ndiyo safari yenyewe. Ukiinywa, umeikubali nyumba. Ukiikataa, hakuna haja ya kusema neno lingine.

Na mimi, kina mama, nilikuwa siwezi kunywa chai nje ya nyumba yangu.

Kutoka Kinoo

Tangu nimzae Wambui, aliyekuja mkubwa na kwa shida, kibofu changu hakinisikii. Mwanzoni lilikuwa tone moja nikikohoa. Baadaye ikawa nikicheka. Mume wangu alipofariki nikadhani ni huzuni, itapita. Haikupita. Ikawa nikiinua ndoo, nikishuka garini, nikisikia tu mfereji ukitiririka. Nilikuwa naiita susu, vile tunavyowafundisha watoto wadogo, kwa sababu kutamka lile neno lenyewe juu yangu niliona ni kama kujitukana. Leo susu imeniamsha. Leo susu imenitoa kanisani. Nilikuwa najiambia mwenyewe, maana hapakuwa na mwingine wa kumwambia.

Nyinyi mkasema nimekuwa na maringo. Eti tangu nijenge vile vyumba vya kupangisha sicheki na watu, naketi mwisho wa benchi, naondoka kabla ya matangazo. Nilisikia yote. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na changu kilikuwa nguoni kweli. Nilikuwa na vitambaa vya taulo nilivyokata na kushona mwenyewe, sketi nyeusi peke yake kabatini, na leso ya kujifunga juu ya sketi. Nikialikwa mahali, nilikuwa najua choo kiko upande gani kabla sijajua sherehe ni ya nini. Nikiletewa chai nilikuwa nasema nimefunga. Mchungaji alifurahishwa sana na kufunga kwangu, Mungu anisamehe.

Kwa hiyo siku ya safari nilikuwa sijatia hata maji mdomoni tangu jana yake mchana. Ulimi ulikuwa umenikauka. Gari lilikuwa pikapu ya jirani yetu Kamau, nyuma tumejaza viazi, unga, ndizi na sukari, mbele tukaketi watatu: Kamau kwenye usukani, mimi katikati, na Nyambura, dada ya marehemu mume wangu, mlangoni. Mlango niliutaka mimi. Nyambura alisema akikosa dirisha atatapika, na Nyambura akisema atatapika ni heri umwamini.

Hatujafika Uthiru alikuwa ameanza. Tunampeleka msichana kwa Wakamba, Mama Wambui, umefikiria? Usikunywe kitu kabla wenyewe hawajakunywa. Kuna watu huko wana mambo yao. Nikamwambia huo ni upuzi, na kwamba wao nao huko kwao wanaambiana ukiangusha sarafu karibu na maiti ya Mkikuyu, maiti itauliza ni ya nani. Kamau akacheka mpaka gari likayumba. Mimi sikucheka. Nilikaza magoti na kuhesabu nguzo za stima, kwa sababu kicheko changu hakiji peke yake.

Kangemi, kando ya barabara

Tulipokaribia soko la Kangemi gari lilianza kutoa mvuke. Kamau akaegesha kando, akafungua boneti, akarudishwa nyuma na joto. Rejeta ilikuwa inachemka. Alitafuta kitambaa cha kushikia kifuniko, na kabla sijafungua mdomo alikuwa ametia mkono kwenye kiondo changu, chini ya kanga mpya za zawadi, akavuta vitambaa vyangu vyote vya akiba. Akavikunja pamoja, akashika kifuniko, maji yenye kutu yakavilowesha.

"Hizi ziko poa sana, Mathe," aliniambia. "Nzito. Umetoa wapi?"

Nyambura naye akataka kujua ni vya nini. Nikasema ni vya kupangusia vyombo. Akaniuliza kama nilidhani wakwe hawana vitambaa vya vyombo. Nilikuwa nimebaki na kile nilichovaa tu, na tulikuwa hatujafika popote.

Kamau akasema tungoje injini ipoe kwanza. Nilisimama, nikaketi kwenye ukingo, nikasimama tena. Nyambura akasema namtia kizunguzungu. Mahali pale sikujua choo kiko wapi, na nilihisi susu imeanza kunigonga. Nikavuka mtaro, nikaingia kwenye ploti ya kwanza niliyoona, vyumba vya mabati vimepangana pande mbili. Mzee mmoja mwenye kofia akatoka akaniuliza kama natafuta nyumba. Kumwambia mwanamume nisiyemjua kwamba natafuta choo kulinishinda. Nikasema ndiyo, natafuta nyumba.

Kina mama, alinionyesha nyumba. Alinionyesha dirisha na namna linavyofungwa. Akanieleza juu ya maji, siku yanapokuja na siku yasipokuja, juu ya jirani anayepiga redio na vile alivyomwonya. Mimi mwenye vyumba vya kupangisha nilisimama pale nimepishanisha miguu, nasikiliza masharti. Mwishowe nikauliza, na choo? Akasema choo ni cha wote lakini kina kufuli, akaenda kuleta ufunguo. Ulikuwa umefungwa kwenye mwiko wa ugali ili mtu asiusahau mfukoni. Alipofungua anionyeshe, niliingia na nikamfungia nje.

Nilipotoka alikuwa bado amesimama, mwiko mkononi. "Sasa utachukua?" aliuliza. Nikamwambia nitafikiria. Akatikisa kichwa. "Watu huangalianga nyumba. Wewe choo ndiyo umeangalia sana."

Nilirudi barabarani nikitembea upesi, maana kicheko kilikuwa kinanifuata na sikuwa na kitambaa cha akiba.

Mjini

Tulikuwa tumepanga kumchukua Wambui mjini kwanza, kwenye duka la vitambaa anakouza, mtaa wa Biashara. Foleni ilitushika Westlands na jua likatushika ndani ya foleni. Magari hayakusonga. Kamau alizima injini, akawasha, akazima. Nyambura alinunua maji ya chupa dirishani akaninyooshea, nikasema sina kiu na midomo yangu inapasuka. Nilikuwa nabadilisha mkao kila mara, goti juu ya goti, mpaka Kamau akaniuliza kama kiti kinanichoma.

Mjini niliwaambia wangoje, nikashuka peke yangu. Mnaujua mtaa ule: kila duka la pili linauza vitu vya watoto wachanga. Niliingia kwenye duka la mbali kidogo na la Wambui, nikaomba nepi za pamba, zile kubwa za mraba. Muuzaji alikuwa msichana mchangamfu. Akanipa hongera. Akaniuliza mtoto ana kilo ngapi, kwa sababu ziko pia za kisasa za kutupa na hizo zinaenda kwa kilo.

Nilikuwa nimechoka, nina kiu, nimekaa foleni asubuhi nzima. Nikamwambia ana sabini na tano.

Alinitazama. Kisha, kwa sauti ya chini sana, akaniambia atanipa mbili mbili, nizishone pamoja, na plastiki ya kuweka chini. Hakuniuliza ni za nani. Nilitamani kumkumbatia, lakini nikachukua mfuko nikatoka, na mlangoni nikakutana uso kwa uso na Wambui aliyekuwa anakuja kunitafuta.

Mfuko ulikuwa wazi. Aliangalia nepi, akaniangalia mimi. Nikaona macho yake yanajaa.

"Mum, mimi si mjamzito," alisema. "Nani amekuambia niko na mimba? Ni Auntie Nyambura?"

Nilisema hapana, si hivyo. Akauliza sasa ni za nini. Watu walikuwa wanapita katikati yetu na mizigo, na nilikuwa na neno moja tu la kumjibu, na sikuweza kulisema. Nikamwambia ni za baadaye. Hilo lilikuwa jibu baya kuliko yote. Alitembea mbele yangu mpaka kwenye gari bila kugeuka, akapanda nyuma na viazi.

Niliomba dakika chache tena. Siku hizi wameanza kutengeneza vyoo vya jiji, ukiingia unakuta maua ya plastiki na mtu mezani anagawa tishu. Nilijifunga nepi mbele ya ukuta wenye vigae vipya na nikalia kidogo. Niliona aibu kwa sababu ya mwanangu, si kwa sababu ya nepi.

Ngara, orofa ya tatu

Mama Mutua anauza mapazia Ngara na anaishi juu ya maduka, orofa ya tatu. Ni mwanamke mrefu, mjane kama mimi, anaongea polepole. Alitupokea kwa mikono miwili. Sebuleni viti vilikuwa vimevishwa vitambaa vyeupe vya kufuma, na mezani kulikuwa na chupa tatu za chai, mandazi, mayai ya kuchemsha na viazi vitamu. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mutua na Kamau walipandisha mizigo, tukaomba, tukaketi. Kisha Mama Mutua mwenyewe akamimina kikombe cha kwanza akaniletea kwa mikono yake.

Nikasema, samahani, nimefunga.

Akakirudisha kikombe mezani. Baadaye akanikaribisha tena. Nikakataa tena. Nyambura, ambaye nilidhani angekunywa kwa niaba ya ukoo mzima, alikuwa ameshika chake mkononi kama mtu aliyepewa amshikie mwingine, anangoja nani aanze. Mutua aliangalia sakafu. Wambui hakuniangalia kabisa. Mazungumzo yakapungua mpaka tukabaki kusifia hali ya hewa, nami kila mara nasogea kwenye kiti, mara mbele, mara nyuma. Nilijua ninachofanya. Nilikuwa naivunja ndoa ya mtoto wangu kwa kikombe kimoja cha chai, na sikujua namna ya kuacha.

Mama Mutua akaniomba nimsaidie kitu jikoni. Jiko lenyewe lilikuwa dogo, la watu wawili wasionenepa. Alifunga mlango.

"Mama Wambui, tuongee kama wamama," alisema. "Ni Susu, si ndiyo?"

Nilishika sinki. "Nani amekuambia?"

"Hii plot hakuna kitu inafichika. Najua watu wanaongea. Lakini sikujua imefika mpaka Kinoo."

"Kinoo hakuna mtu anajua. Hata Wambui hajui. Ni shida yangu mwenyewe."

"Shida yako aje? Si mimi ndiyo nakaa na Susu?"

"Hata wewe?"

"Miaka mingi," alisema. "Usiku naamshwa mara mbili, mara tatu."

Kina mama, siwezi kuwaeleza nilivyofarijika. Machozi yalinitoka. Nilimwambia mimi pia, usiku ndio mbaya, lakini mbaya zaidi ni nikicheka.

Akakunja uso. "Ukicheka, Susu anafanya nini?"

"Inatoka."

"Inatoka inaenda wapi?"

Tukatazamana. Mnajua Kiswahili chetu cha Nairobi, mtu ni iko na gari ni iko, hakuna la kukuonyesha kama linalosemwa lina pumzi au halina. Na wakati huo huo mlango wa pili ukasukumwa kutoka upande wa chumba cha kulala, akaingia bibi kizee mfupi, mkono mmoja ukutani, shuka begani, akauliza mbona hajaletewa chai na anasikia vikombe.

"Huyu ndiyo Susu," Mama Mutua alisema. "Nyanya ya Mutua. Majirani wanasema ni mchawi kwa sababu ni mzee na anaongea peke yake. Nilidhani umeskia hiyo ndiyo unaogopa chai yangu. Kwani wewe ulikuwa unaongelea nini?"

Susu, kwa Kikamba, ni nyanya. Miaka yote niliyoishi na Wakamba makanisani na sokoni, hakuna aliyeniambia. Nilimsogelea Mama Mutua nikamwambia sikioni kwetu Kinoo susu ni nini. Kisha akaanza kucheka, bila sauti, mabega tu, akashika friji. Nami nikacheka. Nilicheka kicheko nilichokuwa nimekifungia miaka mingi, na susu ya Kinoo ikaja nayo, ikaipita nepi ya pamba, ikapita sketi nyeusi, ikafika sakafuni mbele ya Susu wa Ngara.

Kicheko kikakatika. Nilitaka kufa pale pale.

Mama Mutua hakusema pole. Alifungua mfereji wote, maji yakapiga sinki kwa kelele, akajaza sufuria akaimwaga sakafuni na juu ya sketi yangu. Halafu akafungua mlango kidogo akawaambia walio sebuleni: "Mniwie radhi, nimemmwagia Mama Wambui maji ya vyombo. Acha nimtafutie nguo."

Hiyo ndiyo hadithi ya kitenge. Nyambura mpaka leo anasema mama mkwe wa Wambui ana mikono mizito, na akisoma hapa atajua mikono yake ni myepesi kuliko yetu sote.

Nilipokuwa nabadilisha nguo chumbani, Susu aliketi kitandani akataka aelezwe. Mkwe wake alimweleza kwa Kikamba. Mzee hakucheka. Alifunua ukingo wa godoro, akanionyesha plastiki yake na nepi zake za shuka kuukuu, zimekunjwa vizuri, akaniuliza kwa nini sinywi maji. Nikasema ili nisiende. "Mimi nakunywa, naenda," alisema. "Wewe hukunywi, na umeenda."

Nilirudi sebuleni na rangi ya machungwa. Nikaomba chai. Nikanywa kikombe, nikaomba kingine, na ilikuwa na tangawizi na maziwa mengi, na sijawahi kunywa kitu kitamu vile. Nyambura aliponiona nimemeza na sijaanguka, naye akanywa, akala mayai matatu. Mutua alitoka nje kwenye ngazi, na niliporudi kutoka chooni nilimkuta anapangusa macho.

Kurudi

Wakati wa kuondoka nilimshika Wambui mkono ngazini, tukaachwa nyuma kidogo. Nikampa ule mfuko wa nepi, nikamwambia ni zangu. Nikamwambia tangu lini. Alisimama kwenye ngazi akiwa na mfuko ule mkononi, watu wakitupita.

"Mum, kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Kwamba ulizaliwa mkubwa?"

Alinikumbatia hapo ngazini, msichana ambaye tangu amalize shule ananipa mkono kama mwenyekiti wa chama. Nilimpenda sana dakika ile, na niliona haya kwamba kwa asubuhi nzima nilimwacha aamini namshuku.

Foleni ya kurudi ilikuwa mbaya kuliko ya kwenda. Vikombe viwili vya chai si mchezo. Lakini nilimwambia Kamau asimame, akasimama. Nilimwambia tena, akasimama tena, na mara ya pili ilikuwa Kangemi. Nilimkuta mzee wangu wa kofia kwenye ploti. Akaenda kuchukua mwiko bila kuniuliza kitu. Aliponifungulia alisema chumba bado kiko, kama nimemaliza kufikiria.

Sijapona. Msiseme mama fulani ameombewa akapona. Mama Mutua alinipeleka kliniki ile anayompeleka Susu, na nesi ananifundisha kukaza misuli ya chini, polepole, hata nikiwa nimeketi kanisani, na inasaidia kiasi. Nepi nashona mbili mbili kama nilivyoelekezwa. Asubuhi nyingi simu inalia, ni Mama Mutua, na mbele ya wateja wake wote wa mapazia anauliza: Susu ameamkaje huko? Nami nikiwa getini, wapangaji wangu wamejaa, namjibu: ameamka mapema, lakini tunasikilizana. Halafu namuuliza wa kwake, na jibu lake laweza kuwa la bibi kizee au la kibofu cha bibi kizee.

Kwa hiyo Jumamosi nikija kwenye chama chetu cha kina mama, nimiminieni chai kama wengine. Mniachie tu kile kiti cha karibu na mlango. Na nikiinuka katikati ya maneno nikasema naenda kumwona Susu, msiniulize anaendeleaje. Endeleeni kucheka, nitarudi.